Anasema Ni Nyanya

Shitandi alifungua gazeti kama anayefunua kidonda.
Ndani, jani moja jembamba,
kingo zake meno ya msumeno.
"Nyanya yangu," alisema, "inaumwa."

Nauza mbegu na dawa za kupe hapa Kangemi
mwaka wa kumi na moja sasa.
Jani la nyanya nalijua hata stima ikipotea,
kwa harufu inayobaki mkononi.
Hili lilikuwa kidole.
Vidole wenzake vilikatwa nyumbani, kwa mkasi,
na mkataji alikuwa na haraka.

Nikavaa miwani.
"Nyanya," nikasema. "Haya, tuione."

Umanjano ulianzia wapi, juu au chini?
Chini. Kwa majani ya zamani.
Basi mmea una njaa, unajila wenyewe,
unawanyang'anya wakubwa uwalishe wachanga,
kama nyumba za mtaa huu tarehe ishirini na tano.

Nikaliinua kwenye mwanga wa mlango.
Mishipa bado kijani, katikati pamefifia:
hiyo ni njaa nyingine, ya madini.
Lakini ncha!
Ncha imeungua, kahawia, imejikunja
kama karatasi iliyosogea jikoni.
Hiyo si njaa, Shitandi. Hiyo ni shibe.
"Umeweka nini?"
Akatazama viatu vyake.
"Mbolea ya dukani. Kijiko."
Kijiko gani?
"Cha kupakulia."

Udongo ulitoa wapi?
Kwenye ghorofa linalojengwa nyuma ya kanisa.
Mwekundu, mzuri, lakini umelala na saruji,
na saruji hufunga mlango:
chakula kiko ndani ya nyumba, mzizi unabisha nje.
Maji?
Ya kisima cha landilodi, yale yanayopaka sufuria chumvi.
Na ndoo, ina matundu?

Kimya.
Ilikuwa ndoo ya rangi. Nzima. Hata kifuniko anacho.

Nikamwambia: toboa. Msumari wa moto, mara saba.
Mwaga udongo wote wa ghorofa,
chukua wa kule bondeni, penye migomba,
changanya na samadi iliyooza mpaka ikasahau ng'ombe.
Kinga mvua, acha kisima.
Mbolea ya dukani ifiche, hata wewe usijue iliko.
Na usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa kidole:
chovya hadi pingili ya pili,
ukikuta unyevu, ondoka. Nenda kanyoe ndevu.
Mimea mingi ya mjini haifi kwa kiu.
Inazamishwa na wanaoipenda.

Akakunja gazeti, hakuondoka.
Akauliza, sauti chini ya kaunta,
kama nina kitu cha mifupa.
Cha mtu.
"Hapa ni ng'ombe na kuku tu, mzee."
"Najua. Ni Kageha. Tangu Machi halali."

Ndipo koplo akaingia kutaka sumu ya panya.
Jani lilikuwa bado mbele yangu.
Nikalifungia ndani ya kitabu cha risiti, taratibu,
kama mtu anayemaliza hesabu.
"Nyanya zinasumbua sana msimu huu," nikasema.
Koplo akahesabu sarafu zake.
"Hata zangu," akasema.
Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Julai, baridi ile ya ukungu hadi saa tano,
Shitandi alirudi na mfuko wa karatasi.
Nyanya nne, zote kimo kimoja,
zimepanguswa ziking'aa kama za kibandani,
na moja ina alama ya kidole cha muuzaji.
"Zimezaa," alisema.
"Naona."
Nilizila nimesimama, na chumvi ya mawe ya mbuzi,
naye akinitazama kwa fahari ya mkulima.

"Na Kageha?"

"Jana alilala hadi jua likagusa blanketi.
Chai yake ikapoa.
Sikumwamsha."